Bolti iliyogoma: kisa cha .375 ya mgeni na namba ya kwenye boksi

Hiki kisa kilianzia porini lakini kilikuja kuishia Mwanza, mezani, Kirumba, sato wameshabaki miiba na mgeni wetu, mzungu aliyekuja kuwinda, kafungua daftari lake pembeni ya sahani anatuonyesha mahesabu, mzee anamsikiliza huku anatikisa kichwa polepole. Ilikuwa Septemba 2024. Kila nikimsimulia mtu anadhani namcheka mzungu, hapana, jamaa alikuwa makini kuliko sisi wote pale mezani, baruti anaipima kwa mizani ya tarakimu na kila risasi kaiandika tarehe, na bado bunduki yake, raifo ya kuwindia wanyama wakubwa ya kipimo cha .375, ilimgomea.

Mgeni akifika kambini siku ya kwanza anapiga karatasi kabla hajapiga mnyama, hiyo haina mjadala, bunduki imepanda ndege tatu imerushwarushwa na watu wa mizigo, darubini inaweza kuwa imehama hata kama nyumbani kwake ilikuwa inapiga palepale. Kwa hiyo tukaweka boksi la kadibodi mita 100, tukabandika kipande cha selotepu nyeusi katikati, mfuko wa mchanga juu ya boneti ya Cruiser, akaanza. Ya kwanza sawa. Ya pili nikaona anavuta bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga bunduki na kutoa ganda, kwa nguvu, mkono unatetemeka kidogo, nikanyamaza. Ya tatu bolti ikakataa kabisa kunyanyuka, akaipiga na kiganja mara moja, mara mbili, ya tatu ndo ikafunguka na ganda likatoka.

Mzee akamwambia, "Weka chini. Hiyo usiirudie."

Mzee ndo mwindaji mkuu, mtu wa Magu, kaanza kazi hii mimi sijazaliwa. Mimi ni mtu wa Igoma, dereva na wakati mwingine msaidizi wake, bunduki nazipenda tu, nasoma, nauliza, na yeye ananivumilia.

Sasa kabla sijaenda mbali niweke maneno sawa maana Kiswahili tunasema "risasi" kwa kila kitu na hapa tutachanganyana. Ganda ni lile la shaba. Kichwa ndo kinachotoka kwenda kwa mnyama. Baruti iko ndani ya ganda. Praima ni kale kaduara kitakoni kanakogongwa na pini. Mgeni wetu alikuwa anazijaza mwenyewe nyumbani kwake Marekani, wenzetu kule ni kitu cha kawaida, mtu ana meza yake kwenye gereji, anaokota maganda aliyokwishapiga, anayabana yarudi umbo lake, anaweka praima mpya, baruti, kichwa, kwisha. Kwetu sheria ya silaha na risasi ya 2015 haikuachi ukae nyumbani unatengeneza risasi bila leseni, kwa hiyo usije ukasoma hapa ukaanza kuulizia baruti mtaani, utaelezea kituoni.

Alichotaka kilikuwa cha maana kabisa. Risasi za kiwandani za .375 H&H ni ghali hata kwao, kwa hiyo akasema nitengeneze zangu zinazofanana na za kiwandani, nifanyie mazoezi mwaka mzima, nikienda Tanzania nibebe zote mbili na nichanganye ninavyotaka bila kugusa darubini. Akaja na 60, yaani 40 za nyumbani na 20 za kiwandani, maana mashirika mengi ya ndege yanakomea kilo 5 za risasi kwa abiria na hakutaka kubishana kaunta. Kichwa kilekile, uzito uleule wa greini 300 ambao ni kama gramu 19 na nusu. Boksi la kiwandani limeandikwa futi 2530 kwa sekunde, ambazo ni kama mita 771. Akajaza, akapima, akaongeza baruti kidogo, akapima, mpaka karada kake kadogo ka Garmin, kale kanakopima kasi ya kichwa kikitoka, kakamsomea wastani wa 2529. Akafunga daftari. Kwa akili yake kazi imeisha, kichwa kimoja, kasi moja, basi risasi ni moja.

Turudi kwenye bolti. Wazo langu la kwanza lilikuwa vumbi. Njia ya kwenda pori la Moyowosi mwezi wa tisa unajua mwenyewe, unafika meno yanasaga mchanga, nikadhani chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, imeingia uchafu. Nikapitisha kitambaa, kikatoka safi. Mzee akachukua risasi moja ya kiwandani, akaiingiza, akafunga bolti, akafungua, ikatoka kama kisu kwenye siagi ya jua. Vumbi likafutwa.

Wazo la mzee lilikuwa mkanda. Ganda la .375 lina mkanda umezunguka kitakoni, ndo unaoshika risasi isizame kwenye chemba, na watu wanaojaza wenyewe wana kosa moja maarufu, wanalibana ganda kupita kiasi bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, linarudi nyuma, sasa kila ukipiga ganda linatanuka kujaza ile nafasi, linavutika juu kidogo ya mkanda, baada ya kupigwa mara kadhaa linakatika palepale na kitako cha ganda kinatoka peke yake. Mzee akanyoosha waya mwembamba, akaukunja ncha kama ndoano, akauingiza kwenye ganda akawa anakwaruza ndani anasikilizia kama kuna mfereji. Hamna. Laini. Na mgeni akasema maganda yale kapiga mara moja tu kabla.

Ila wakati mzee anakwaruza mimi nikageuza ganda nikaangalia kitako, na pale ndo nikaona. Praima ambayo kawaida ina kingo za mviringo ilikuwa imelala bapa imejaa shimo lake lote kama chapati kwenye kikaango, na pembeni kwenye shaba kuna alama ndogo inayong'aa, shaba imejikandamiza kwenye tundu la kile kidude cha bolti kinachorusha ganda nje. Maganda matatu, alama tatu, la tatu kubwa zaidi. Hapo huhitaji digrii, presha imepitiliza. Ganda linapigwa mtanuko mkubwa mpaka linakwama kwenye kuta za chemba, ndo maana bolti ikagoma.

Sasa swali, imepitiliza kwa nini, wakati jamaa kajaza kwa mizani na nyumbani kwake bolti ilikuwa inafunguka kwa kidole?

Hapa mimi nikaja na nadharia yangu ya kivuko na niliipenda sana. Kipindi hicho daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, limekuja kufunguliwa Juni 2025, kwa hiyo tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko kama watu wengine wote, na siku ile tulikaa Kigongo masaa matatu jua la saa saba, sanduku la risasi liko nyuma ya gari chini ya turubai jeusi, nilipoligusa wakati wa kushuka Busisi chuma kilikuwa hakishikiki. Nikasema hapo, joto limeingia kwenye baruti, presha imepanda. Mgeni akaidaka nadharia kwa mikono miwili, nadhani kwa sababu ilimtoa yeye kwenye lawama.

Mzee akacheka. Akasema, "Kijana, baruti siyo mawe ya Mwanza." Mtu aliyekaa Mwanza anaelewa, yale mawe yanashika jua la mchana na saa tatu usiku ukiyaegemea bado yanatoa joto kama jiko. Risasi ya gramu 40 haina uwezo huo. Tulivuka Kigongo jana yake, risasi zimelala usiku mzima kambini kwenye baridi, zikipoa zimepoa, presha inategemea baruti ina joto gani sekunde inapogongwa na siyo jana ilikuwa wapi. Ukiziacha kwenye joto kali miezi na miezi hapo sawa baruti inaharibika, masaa matatu hapana.

Lakini joto lilikuwepo, ila siyo la Kigongo. Wakati mgeni anahangaika na mfuko wa mchanga na kujipanga, trei ya risasi zake za nyumbani ilikuwa imekaa juu ya boneti, jua la saa sita, injini imetoka kuzimwa, karibu saa nzima. Za kiwandani zilikuwa kwenye begi kivulini. Hakuna aliyefikiria. Mimi mwenyewe ndo niliiweka ile trei pale.

Tukaenda kwenye namba, maana karada ka Garmin kalikuwa kamewashwa muda wote. Zile tatu za nyumbani zilisoma 2588, 2596 na 2601. Nyumbani kwake daftari linasema 2529, na pembeni kaandika hali ya hewa, Januari, nyuzi 2 chini ya sifuri. Yaani baruti ileile kipimo kilekile imeongeza kama futi 66 kwa joto tu. Kuna baruti za hivyo, hasa zile za punje za mviringo za zamani, zinapanda na joto kama maziwa, na kuna nyingine zimetengenezwa makusudi zisitikisike, zile za Hodgdon zinazotoka Australia watu wengi wanaokuja Afrika ndo wanatumia. Yeye alichagua ile aliyoikuta dukani. Na ukiwa tayari uko juu kabisa, kasi inapanda kidogo tu lakini presha inaruka, haviendi sambamba.

Tatizo hili wala siyo jipya, ni la zamani kuliko bunduki yenyewe. .375 ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, baruti ya wakati ule ilikuwa kodaiti, nyuzinyuzi kama tambi, na ilikuwa inachachamaa kwenye joto vibaya sana, Waingereza walijifunza India na huku kwetu kwa maganda kugoma kutoka wakati mnyama anakuja. Ndo maana ukilishika ganda la .375 unaliona limechongoka, limepungua taratibu toka kitakoni mpaka bega lenyewe limelala, siyo urembo, ni ili likipigwa kwenye joto lichomoke. Yaani jamaa alifanikiwa kugomesha ganda lililochorwa lisigome. Mzee hii aliisema kwa heshima lakini aliisema.

Basi mimi nikaona kesi imeisha, joto, tufunge. Mzee akasema bado, akaomba za kiwandani zipigwe tatu. 2458, 2463, 2451.

Kimya.

Mgeni akashika lile boksi akalisoma tena. 2530. Akatazama karada. Akasema labda ni bechi mbovu. Siyo bechi mbovu, na hapa ndo roho ya kisa chote. Namba ya kwenye boksi inapimwa kiwandani kwa mtutu wa majaribio wa inchi 24, yaani sentimita 61. Raifo ya mgeni ina mtutu wa inchi 22 kwa sababu aliinunua iwe fupi ya kupita vichakani. Kila inchi unayokata unapoteza kasi, 20, 30, inategemea, halafu kila mtutu una tabia yake, kuna uliobana na kuna uliolegea. Kwa bunduki yake risasi ya kiwandani inakwenda 2457, ndivyo ilivyo, haijawahi kwenda 2530 hata siku moja. Na yeye hakujua kwa sababu toka amenunua kale karada amepima risasi zake za nyumbani tu, za kiwandani aliona hasara kuzichoma wakati namba iko imeandikwa.

Kwa hiyo alikuwa hafananishi risasi na risasi. Alikuwa anafananisha risasi na karatasi. Mtutu mfupi unadaiwa kasi ya mtutu mrefu, deni analilipa nani, baruti, na baruti inalipa kwa presha. Hata kule kwao kwenye baridi tayari alikuwa juu kwa futi 70 na kitu kupita kiwanda, ila baridi ilimfichia.

Kesho yake alfajiri mgeni akaomba ajaribu zake zikiwa zimepoa, mzee akakubali kwa shingo upande, kwa sharti bolti ikinuna tu basi. Nyuzi kama 18. Ya kwanza 2554 ikafunguka vizuri, ya pili 2559 bolti ikawa nzito kidogo, mzee akanyoosha mkono akazichukua zote. Umeona lakini, bila jua, bila boneti, bila Kigongo, bado iko karibu futi 100 juu ya kiwanda. Joto liliongeza tu juu ya kosa lililokuwepo.

Kuna kitu kingine mgeni alikitoa baadaye pale mezani Kirumba kama anaungama. Maganda aliyojaza siyo ya kampuni ileile ya risasi zake za kiwandani, alinunua mengine mazuri zaidi, mazito. Ganda zito kwa nje ni sawa na jepesi, chemba haibadiliki, uzito wa ziada umeenda wapi, umeingia ndani, ukuta mnene, nafasi ya baruti imepungua, presha juu. Akaongeza kwamba kuna rafiki yake alimshauri apasue risasi moja ya kiwandani aangalie baruti yake anunue inayofanana. Nashukuru Mungu hakumsikiliza. Viwanda vinanunua baruti kwa jumla, ambayo haiuzwi dukani, kila bechi ina nguvu yake na wao wana mitambo ya kupima presha, wanarekebisha kipimo. Wewe ukimwaga kiganjani unaona punje nyeusi tu. Sembe na unga wa muhogo vyote vyeupe, kapike kimoja kwa kipimo cha kingine uone.

Na karatasi sasa, maana watu wanasahau tulikuwa tunasawazisha bunduki. Darubini aliisawazisha nyumbani kwa risasi zake kwenye baridi. Pale kambini zake zilipiga juu kulia kama sentimita 6, za kiwandani zikapiga chini kushoto kama 8. Mgeni akasema si ndo kasi hiyo, ya haraka inapiga juu. Nikatoa simu nikapiga hesabu, tofauti ya futi 138 kwa mita 100 kichwa kinashuka tofauti ya sentimita moja hivi, basi, tena kwa juu na chini, haielezi kushoto na kulia. Kinachohamisha shabaha pale ni mtutu wenyewe, ukipigwa unatikisika kama fimbo, na bunduki inaanza kurudi begani kabla kichwa hakijatoka, kwa hiyo kichwa kikitoka mapema kidogo kinatoka mtutu umeelekea sehemu nyingine. Ndo maana hata ukifanikiwa kufananisha kasi, karatasi ndo inasema kama zinafanana. Unaweza kuwa na 2457 kwa 2457 na zikapiga sehemu mbili tofauti, hapo unachezea kina cha kichwa kwenye ganda, au unakubali tu yaishe.

Kuwinda aliwinda kwa za kiwandani. Alizokuwa nazo 20, tatu ziliisha kwenye kupima, nne kwenye kusawazisha upya, zikabaki 13 na zilitosha, nyati alianguka siku ya tano, hiyo hadithi nyingine. Zile 35 za nyumbani mzee alizifungia kwenye sanduku na kufuli, maana huwezi kutupa risasi hovyo porini, ziliingia na hesabu kwenye kibali na lazima zitoke na hesabu.

Pale Kirumba mimi na mzee hatukukubaliana, huku natafuna ugali. Mzee msimamo wake ni kwamba risasi ya gereji isije kabisa kwenye nyati, piga nayo makopo kwenu, huku njoo na boksi. Mimi simuungi mkono kwenye hilo, nilimwambia kwa adabu, mzee wangu, kosa siyo gereji. Angeanza na za kiwandani kumi kwenye bunduki yake mwenyewe akaandika wastani, angeanza chini kabisa kwenye jedwali la kitabu cha kujazia risasi akapanda taratibu akasimama kwenye 2460 hata kama kitabu kinaruhusu zaidi, angesubiri mwezi wa saba wao kukiwa na joto akapima tena, leo tungekuwa tunaongea kuhusu nyati. Mzee akasema, "Ange, ange, ange." Akaagiza soda nyingine.

Mgeni aliandika ujumbe mwaka uliofuata. Kabadilisha baruti, kanunua maganda ya kampuni ileile ya risasi zake, kapima kiwandani kwanza, kasimama 2465, na kwenye karatasi mita 100 za nyumbani na za kiwandani zinaachana sentimita 3, kwa nyati hiyo ni kitu kimoja. Kapima Januari na kapima Julai. Nilifurahi kwa kweli. Halafu mwisho wa ujumbe akauliza kama bado tunavuka na kile kivuko, maana yeye moyoni bado anaamini yale masaa matatu ya Kigongo yalichangia. Nikamjibu daraja limefunguliwa, kilomita 3 unavuka kwa dakika chache, na kuhusu trei kwenye boneti nikamwambia ukweli kwamba nani aliiweka. Hajajibu hiyo sehemu.